Sifa Zake Hedifoni Isiyokuwepo

Kibiti imepata mengi. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa kule Ndundu, na safari ya kusini ikaacha kusubiri kivuko na huruma ya Mto Rufiji. Baadaye tukamegewa wilaya yetu kutoka Rufiji, tukapata mkuu wa wilaya wetu na mihuri yetu. Minara ya simu ikasimama, vijana wakanunua simu za tachi, na stendi ikajaa sauti: mawaidha, singeli, mchambuzi wa mpira, video ya mtu anayeteleza kwenye tope, vyote kwa wakati mmoja na vyote kwa sauti ya juu kabisa. Katika maendeleo yote hayo hakuna aliyekumbuka kutuletea ukimya. Kazi hiyo inafanywa kwa kujitolea na ulimi mmoja wa chuma, urefu wake milimita chache, unaokaa ndani ya tundu la hedifoni. Haujaomba ruzuku, haujawekewa jiwe la msingi, na mpaka leo hakuna hata kichochoro kilichopewa jina lake.

Huduma yake ni hii. Umekaa ndani ya basi, wauza korosho wanagonga vioo. Jirani yako katoa simu, kachagua wimbo, kabonyeza. Kimya. Juu ya kioo imetokea alama ndogo ya hedifoni, na hajachomeka kitu. Anatikisa simu, anapuliza tunduni, anaipiga kwenye goti. Alama ipo, wimbo unapigwa, sekunde zinahesabika, ila sauti yote inapelekwa kwenye masikio mengine. Simu imeshaamua kwamba mwenye nayo ni mstaarabu, anasikiliza peke yake. Basi zima linakwenda mpaka Mbagala kila abiria akiwa na mawazo yake mwenyewe. Sijui mtu mwingine aliyewahi kutustaarabisha kwa kasi hiyo bila mgambo na bila faini.

Wema wenyewe hauishii barabarani. Kijana aliyekopa kwenye programu ya simu anapigiwa na mkusanya madeni asubuhi na mapema. Anapokea, maana hana la kuficha. "Halo? Halo?" anasema kwa adabu zote. Sauti ya mdai inamiminika kwenye hedifoni isiyokuwepo. Na kama simu imedhani hedifoni hiyo ina maikrofoni, sauti ya mdaiwa nayo inachukuliwa kutoka kwenye maikrofoni isiyokuwepo. Pande zote mbili zimezungumza kwa staha, hakuna aliyetukanwa, ndugu wa karibu hawakutajwa, na deni limebaki palepale linapumzika.

Halafu kuna siku ya Simba na Yanga. Kwenye kijiwe cha kahawa simu imesimamishwa juu ya meza, imeegemezwa kwenye birika, mtangazaji anakwenda mbio kuliko mpira. Krosi inapigwa, watu wanainuka, mmoja anagonga meza, ulimi unaachia, kimya. Kwa dakika nzima kijiwe hakijui nani kafunga, na katika dakika hiyo timu zote mbili zimefunga. Wenye redio nzima hawajawahi kupata furaha ya pande mbili kwa bao moja.

Mtu husifiwa kwa kazi yake, kwa hiyo tuingie tunduni. Mle ndani kuna ndimi kadhaa. Mmoja unabeba sauti ya kushoto, mwingine ya kulia, mwingine ni wa maikrofoni, mwingine ndio njia ya kurudia. Ulimi ninaousifu haubebi sauti yoyote. Kazi yake ni kutoa habari moja tu: pini imeingia, au pini haijaingia. Katika matundu ya aina moja ulimi huo umelalia chuma mwenzake muda wote, na pini ikiingia inausukuma wakaachana. Katika aina nyingine ni kinyume: ulimi uko peke yake, na pini ndiyo inayouunganisha na wenzake. Nyuma yake kuna rezista inayoushikilia waya kwenye volti 1.8 hivi, na chipu inayosoma kama waya uko juu au uko chini. Basi. Baraza lote la uamuzi limeishia hapo.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauharibiki kwa namna moja. Aina ya kwanza ikishika utando, mguso unaacha kupitisha umeme, waya unapanda, chipu inatangaza: pini imeingia. Aina ya pili ikipata unyevu wa chumvi, umeme unavuja kutoka kwenye ulimi kwenda chuma cha jirani, waya unashuka, chipu inatangaza: pini imeingia. Mmoja umekosea kwa kushindwa kugusa, mwingine kwa kugusa pasipogusika, na ushahidi wao umelingana neno kwa neno. Mawakili wanaofundisha mashahidi kwenye korido wangeona wivu.

Ulimi huu ungeweza kupelekwa Dodoma, ukaishi maisha makavu, ukafa bila kujulikana. Kipaji chake kimechanua kwetu kwa sababu delta ya Rufiji ina kila kitu unachohitaji. Hapa ndipo lilipo pande kubwa kuliko yote la msitu wa mikoko katika Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndege wa kuhamahama wametajwa kwenye sababu. Ndimi za simu hazikutajwa, nadhani kwa kupitiwa. Tope la mikoko halina hewa, na bakteria waishio humo hutumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza inayokupokea maji yakipwa. Gesi hiyo ikikutana na fedha huivika weusi. Ukitaka kujua hali ya ulimi uliopakwa fedha ndani ya simu ya mvuvi, tazama bangili ya bibi yake iliyosahauliwa kabatini: weusi ni ule ule, salfaidi ya fedha, na umeme mdogo ukiufikia hukaa ukafikiri kama upite au usipite.

Chumvi nayo ina ratiba yake. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji yenyewe mpaka ikayeyuka. Usiku wa delta unavuka kiwango hicho bila jasho. Mchana wa jua kali, chini ya bati, unyevu unashuka na chumvi inakauka tena. Kwa hiyo mtu wa Kiomboni simu yake inapata hedifoni kila baada ya magharibi. Alfajiri anapanda boti hadi Nyamisati, anapanda bodaboda, anaingia Kibiti saa sita mchana akiwa ametota jasho yeye na vumbi lake. Fundi anaiwasha, inaimba.

"Mbona nzima hii, kaka?"

Analipa nauli ya kurudi. Magharibi inaingia, hedifoni nayo inaingia. Wageni hushangaa ugonjwa unaoponea njiani, lakini delta hii ina uzoefu wa kuficha. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia kujificha kwenye mikondo hii Septemba 1914, na Waingereza walihitaji kundi la meli, ndege zilizokuwa zikiruka kutoka Mafia, na meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, mpaka walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Kama meli yenye mizinga kumi mikubwa ilikaa humo zaidi ya miezi tisa, utando usiofika unene wa unywele unadaiwa nini?

Pale stendi kuna kibanda cha fundi simu. Meza yake ina kioo, na chini ya kioo zimelala simu zilizokufa, zimepangwa kwa ukubwa. Mchana mmoja alifika bibi wa visiwani na kanga zake mbili, simu kaitia ndani ya kifuko cha nailoni, kifuko kakifunga kwa mpira.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Simu yangu imekuwa bubu. Mjukuu wangu wa Mbagala ananitumia sauti, naiona inatembea lakini haisemi."

Fundi akawasha, akatazama juu ya kioo. "Bibi, umechomeka hedifoni."

"Mimi?"

"Simu inaonyesha ina hedifoni."

"Mwanangu, mimi tangu nizaliwe sijatia kitu masikioni zaidi ya hereni. Hebu itazame vizuri."

Fundi akachungulia tunduni kwa tochi, akaigeuza, akachungulia tena. "Tundu liko tupu, bibi. Ila simu inasema ipo."

"Basi iulize hiyo simu, hedifoni yenyewe iko wapi, nami niione."

Hapo kibanda kizima kilinyamaza. Bibi alikuwa na macho, fundi alikuwa na macho na tochi, na wote wawili wameshuhudia tundu tupu. Upande wa pili alikuwepo shahidi mmoja, shaba yenye utando. Simu ikasimama na shaba. Ukipekua mipangilio ya simu nyingi za Android kutafuta mahali ambapo mwenye simu anaweza kutamka kwamba hana hedifoni na akaaminika, hupaoni. Unaweza kubadilisha rangi ya herufi, unaweza kuchagua mlio wa meseji kutoka orodha ndefu kuliko safari ya Mtwara, unaweza kuieleza simu umri wako na mambo unayoyapenda. Kuhusu kilichomo ndani ya masikio yako mwenyewe, hutoulizwa. Ukishikilia msimamo wako utalazimika kupakua programu ya mtu baki, yenye matangazo ya biashara, ili ikusemee mbele ya simu uliyoinunua kwa hela yako. Naona busara ndani yake. Binadamu husahau, huchanganyikiwa, huongopa. Chuma hakina sababu.

Fundi, kama fundi yeyote anayejiheshimu, akashauri kuiflashi. Kuflashi ni kufuta programu yote ya simu na kuipakia upya. Ulimi wenye kutu hauna programu, kwa hiyo haukupata madhara yoyote. Zilizoondoka ni picha za harusi. Baada ya hapo ikabadilishwa spika, iliyokuwa nzima, ikaingia spika nyingine nzima. Baada ya hapo ikasemekana ni mazabodi. Katika safari hiyo moja wamepata riziki mwenye boti, bodaboda, fundi, muuza spika wa Kariakoo, mama ntilie aliyemlisha bibi akisubiri, na mwishowe duka lililomuuzia kitochi. Nitajie mradi mwingine wa milimita chache uliozungusha fedha kiasi hicho ndani ya wilaya.

Wazee watasema zamani mambo hayakuwa hivi. Kweli hayakuwa, na hiyo ndiyo kasoro ya zamani. Tundu la namna hii lilianzia kwenye swichibodi za simu, mwishoni mwa miaka ya 1870, kwa mkono wa Charles Scribner wa Chicago na wenzake. Pini yake ilikuwa nene, ile ya milimita 6.35 ambayo wapiga gitaa wanayo mpaka leo, na mitambo ya simu ilikuja kuzoea volti 48. Volti hizo zikikuta utando mwembamba kwenye mguso, zinautoboa na kuendelea na safari. Ilipokuja redio ya transista ikaja na tundu dogo la milimita 3.5, na humo pia mlikuwa na ulimi, lakini ulimi wa kazi: sauti yenyewe ya kwenda kwenye spika ilipita juu yake. Kwenye redio za Philips za Arusha au National za Dar es Salaam, ukichomeka kisikilizio spika inakatwa papo hapo kwa chuma, hakuna chipu iliyoulizwa. Nusu wati kwenye spika ya omu 8 ni kama robo ya ampea. Mkondo wa namna hiyo unausafisha mguso unapopita, na redio ikigoma mzee alichomeka pini na kuichomoa mara kadhaa, kutu ikasuguka, taarifa ya habari ikaendelea.

Sasa linganisha na unyenyekevu wa leo. Volti 1.8 kupitia rezista ya, tuseme, omu milioni moja, ni mikroampea 1.8. Mkondo wa redio ya mzee unauzidi huu zaidi ya mara laki moja. Wahandisi wanajua vizuri kwamba kila mguso unahitaji mkondo wa kiasi fulani ili ubaki safi, na kwamba usipoupata dawa yake ni dhahabu, isiyoshika utando. Wanajua pia bei ya dhahabu. Basi ulimi unapakwa dhahabu nyembamba, au haupakwi, unapelekwa sokoni, na betri inaokoa mikroampea zake. Akiba hiyo ni ya kujivunia. Simu ya bibi ilikaa na chaji siku tatu, bubu.

Hata hiyo dhahabu nyembamba tunayo namna ya kuishughulikia. Dereva wa bodaboda wa njia ya Nyamisati anakwenda na hedifoni masikioni, simu mfukoni, na pini inacheza ndani ya tundu kwa kila shimo. Mchezo wenyewe ni mdogo, jicho haliuoni, lakini unasugua dhahabu mpaka ikaisha, inabaki shaba na bati, na vumbi la kutu linajikusanya palepale kwenye mguso. Ile barabara inayolalamikiwa kwenye kila mkutano wa hadhara kumbe ina kiwanda ndani yake.

Nisije nikasahau vitufe. Hedifoni za Android zina vitufe kwenye waya, na kila kitufe ni rezista ya kiasi chake kwenye njia ya maikrofoni. Maelekezo ya Google yamepanga hivi: chini ya omu 70 ni kupiga au kusimamisha wimbo, na simu ikilia ni kupokea, 110 hadi 180 ni amri ya sauti, 210 hadi 290 ni kupandisha sauti, 360 hadi 680 ni kuishusha. Maji ya chumvi hayajasoma maelekezo hayo, lakini tone lililokaa kati ya ndimi mbili lina upinzani wake, na upinzani huo hubadilika kadiri linavyokauka. Asubuhi moja simu inaweza kupandisha sauti, kuishusha, kusimamisha kaswida katikati, kumwita msaidizi wa Google na kumuuliza swali la kimya. Simu ya mkwe inaingia, kitufe kisichokuwepo kinabonyezwa kwa muda mrefu, imekatwa. Mkwe anapiga tena, imekatwa tena. Kuna ndoa zilizodumu kwa sababu ya mawasiliano. Zipo na hizi.

Na redio ya FM. Ndani ya simu redio hiyo hutumia waya wa hedifoni kama antena, kwa hiyo bila hedifoni inakataa kufunguka na kukuandikia uchomeke. Hedifoni isiyokuwepo huifungua bila ubishi. Ukichagua spika humo ndani unapata mvumo mtupu, kwa kuwa antena isiyokuwepo hukamata stesheni zisizokuwepo, lakini masharti ya programu yametimizwa na huna mahali pa kulalamika.

Baraka kama hii inahitaji malezi, na nashukuru kuona wananchi wanayafahamu bila semina. La kwanza ni kupuliza tunduni kwa mdomo. Pumzi ya binadamu ina joto na maji, vyote viwili chakula kizuri cha kutu. La pili ni pini ya hijabu: ukichokonoa nayo vya kutosha ulimi unapinda na haurudi, na kasoro iliyokuwa ya usiku tu inakuwa ya kudumu. La tatu ni msasa, unaoondoa kutu pamoja na dhahabu yote iliyobaki. La nne ni mafuta ya cherehani, yanayoshika vumbi na kulihifadhi. La tano ni mchele, na sisi watu wa Rufiji mchele tunao: simu iliyoingia maji inazikwa ndani ya ndoo usiku mzima. Mchele hauvuti chumvi. Maji yanakwenda zake hewani, chumvi inabaki tunduni, na wanga kidogo unaongezeka juu yake. Mwaka 2024 Apple iliwaambia wateja wake waache kuweka simu kwenye mchele kwa kuwa chembe zake zinaweza kuidhuru. Kampuni kubwa kiasi hicho, na bado inaingilia mapishi ya watu.

Najua hata hivyo wapo wapinga maendeleo, na ni wajibu wangu kueleza njia zao ili zizuiwe. Mpinga maendeleo haanzi na kuflashi. Kwanza anaangalia alama: inakuja na kuondoka akiibonya simu karibu na tundu, au usiku ikiwa na mchana isiwe? Programu haina habari na magharibi wala kidole, kwa hiyo akiona hivyo amekwishamjua mhalifu. Anamulika tunduni kwa tochi, maana mara nyingi chini kabisa kuna pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa na pini mwaka mzima, au ncha ya pini iliyokatikia humo. Anaizima simu. Anatoa uchafu kwa kijiti cha mbao. Analowesha brashi ndogo kwa spiriti safi yenye maji machache, anasugua taratibu, anachomeka pini kavu na kuichomoa mara kadhaa ili vyuma visuguane kama kwenye redio ya mzee, anaiacha ikauke muda wa kutosha. Kwa simu nyingi mambo yanaishia hapo, kwa gharama ya spiriti ya kijiko kimoja. Ninasikitika kuliandika hili.

Ikigoma, mpinga maendeleo mwenye mita anaifungua. Hategemei mlio wa mita, kwa sababu mita yenyewe inapeleka umeme kwenye mguso, na umeme huo waweza kuutoboa utando kwa muda. Mguso ukaonekana mzima mezani na kurudia ugonjwa wake jioni. Anachofanya ni kuiwasha simu na kupima volti kwenye waya wa ulimi, tundu likiwa tupu na kisha likiwa na pini. Waya wenye afya uko chini kabisa au juu kabisa na hautikisiki. Ukiukuta umening'inia katikati, au unapanda na kushuka unapoligusa tundu, mwenye hatia ni ulimi au uchafu unaouzunguka. Ukiukuta umetulia mahali pake na bado alama ya hedifoni ipo, hapo ndipo chipu na programu zinaposhukiwa, na hapo tu ndipo kuflashi kuna maana. Huu ni mfuatano mbaya sana. Ukifuatwa, vibanda vingi vya stendi vitabaki vinauza vocha.

Wapo wanaofika mbali zaidi. Wanabadilisha tundu zima, ambalo bei yake ni aibu kuitaja mbele ya mtu aliyenunua mazabodi. Na asiyetumia hedifoni kabisa, kama yule bibi, anafanyiwa ukatili wa mwisho: tundu la aina ya kwanza linaunganishwa kwa risasi ili mguso usiachane tena maisha yake yote, la aina ya pili linainuliwa mguu wake kutoka kwenye bodi. Simu inabaki inaamini daima kwamba hakuna hedifoni, na kwa bahati mbaya inakuwa inasema kweli.

Tishio kubwa kuliko hao limetoka nje. Mwaka 2016 Apple walitoa iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni na kwenye jukwaa wakauita uamuzi huo ujasiri. Kampuni nyingine zikacheka, kisha zikafuata. Simu za bei ya kwetu nyingi bado zina tundu, lakini mwelekeo unaonekana. Nilikuwa na wasiwasi juu ya mustakabali wa ukimya wa Kibiti mpaka nilipoona tundu la chaji la kisasa, lile la USB-C. Humo ndani mna ndimi nyingi zaidi, nyembamba zaidi, zimesogeleana zaidi, na simu nyingi zimefundishwa kupima kama umeme unavuja kati yao. Zikihisi unyevu, zinaandika onyo na kukataa kuchajiwa. Kijana mmoja wa boti za Nyamisati anayo ya namna hiyo. Simu inasema imelowa. Yeye anasema imekaa kwenye kifuko tangu Ijumaa. Fundi ameshaanza kuiflashi.